Kihispania Tunaongea, Karibu Ndani

Alikwenda New York kula harusi ya dada yake, akabaki. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wakutubi waliopita njia aliyoifungua wanafanya kazi ambayo haimo kwenye mkataba wowote wa ajira: kuhakikisha mama na mtoto wake bado wanaelewana.

Mwaka 1920 binti mmoja wa Puerto Rico aliyekuwa ameanza masomo ya ualimu chuo kikuu alipanda meli kwenda New York. Safari yenyewe ilikuwa ya harusi tu, dada yake Elisa anaolewa. Harusi ikaisha, wageni wakatawanyika, yeye akabaki mjini. Kama wasichana wengi wa kwao wakati ule, akapata kibarua kwenye kiwanda cha nguo. Jina lake Pura Belpré.

Sasa, kule Harlem, mtaa wa 135, kulikuwa na tawi la maktaba ya umma likiongozwa na mama mmoja anaitwa Ernestine Rose. Mama huyu alikuwa na msimamo ambao kwa enzi zile haukuwa wa kawaida hata kidogo: wafanyakazi wa maktaba wafanane na watu wa mtaani. Tayari alikuwa ameajiri wasichana Weusi. Watu wa Puerto Rico nao walikuwa wanaongezeka, ila wakipita mlangoni hawaingii, kwa sababu ndani hakuna anayejua lugha yao. Akaamua kutafuta msichana anayeongea Kihispania. Masimulizi ya maisha ya Pura yanasema kazi hiyo ilimwendea kwanza Elisa, yule bibi harusi, lakini mumewe hakutaka mke wa kwenda kazini. Elisa akamsukuma Pura aende badala yake. (Nyie mabwana wa "mke wangu akae nyumbani", mnaona lakini?) Mwaka 1921 Pura akaanza kazi, na ndiye anayehesabiwa kuwa mkutubi wa kwanza mwenye asili ya Puerto Rico katika maktaba za umma za New York.

Mkutubi ni mtu wa maktaba, yule ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa neno moja tu: "Kimya!" Huyu wa leo ni wa aina nyingine kabisa.

Mende aliyechagua mume kwa sauti

Kitu cha kwanza Pura alichofanya ni kukagua rafu za watoto. Akakuta hadithi za kale za nchi mbalimbali, zimepangwa vizuri. Za Puerto Rico? Hata moja. Yaani zile hadithi alizosimuliwa na bibi yake hazikuwepo popote ndani ya lile jengo. Mtoto wa Kipuerto Rico angeweza kusoma rafu nzima asikutane na kwao.

Alipopelekwa kusomea ukutubi mwaka 1926, akaandika moja ya hadithi hizo kama zoezi la darasani. Ni hadithi ya Martina, mende maridadi aliyeokota sarafu, akanunua poda, akajipamba, akakaa kibarazani kusubiri wachumba. Wakaja wanyama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaulizwa ataongea naye vipi wakishaoana. Paka akalia kama paka, jogoo akawika, chura akakoroma. Martina akawakataa wote. Aliyemkubali ni panya Pérez, kwa sababu ya sauti yake tamu. Kwa bahati mbaya ndoa haikudumu, Pérez alitumbukia kwenye sufuria la wali wa maziwa akafa, na Martina mpaka leo anamlilia.

Mimi nimeisoma hadithi hii kama mhariri wa jarida la mapenzi na nakwambia ina ushauri wa ndoa kuliko kurasa nyingi tunazochapisha. Mwanamke anauliza swali moja tu: utaongea na mimi vipi?

Kulikuwa na tatizo moja. Sheria ya maktaba ilisema kwenye saa ya hadithi zisimuliwe zile tu zilizochapishwa kitabuni. Za bibi yake Pura zilikuwa kichwani. Ikabidi apewe ruhusa maalumu. Mwaka 1932 akaimaliza hoja hiyo kabisa: hadithi ya Pérez na Martina ikatoka kama kitabu, na sasa ikawa na haki ya kukaa rafuni kama wenzake.

Mwaka 1929 alihamishiwa tawi la mtaa wa 115, kwa sababu huko ndiko watu wa Puerto Rico walikuwa wanahamia. Hakukaa mezani kuwasubiri. Alikwenda makanisani, kwenye vyama vya wahamiaji, kwenye mikutano ya jioni, kuwaambia watu kwamba lile jengo ni lao na hawadaiwi hata senti. Akanunua vitabu vya Kihispania. Akaanzisha sherehe ya Wafalme Watatu kila Januari, sikukuu ambayo kwa watoto wa kwao ndiyo siku ya zawadi. Na akaanza saa ya hadithi kwa lugha mbili. Mshumaa unawashwa, hadithi inasimuliwa, na mwishoni mtoto anaweka nia moyoni na kuupuliza.

Hebu fikiria maana yake. Kabla ya hapo, mama alikuwa anamleta mtoto maktaba na kusubiri kama mzigo, haelewi kinachosemwa. Sasa anacheka pale pale mtoto anapocheka, tena hadithi yenyewe anaijua, alisimuliwa akiwa mdogo. Njiani kurudi nyumbani wana cha kuongea. Kwa familia ya wahamiaji hiyo si starehe ndogo.

Mapenzi nayo yalifika

Mnajua hili ni jarida gani, kwa hiyo siwezi kuipita hii. Mwaka 1940 Pura alikwenda Cincinnati kwenye mkutano wa wakutubi wa Marekani, kueleza kazi yake na watu wanaoongea Kihispania. Huko akakutana na Clarence Cameron White, Mmarekani Mweusi, mtunzi wa muziki na mpiga fidla mwenye jina kubwa. Desemba 1943 wakaoana. Muda mfupi baadaye Pura akaacha kazi, akawa anasafiri na mumewe kwenye maonyesho yake ya muziki.

Najua kuna kina dada watakaokunja uso hapa. Kazi yote ile, halafu aache kwa ajili ya mume? Mimi sioni hivyo. Miaka hiyo ndiyo aliyopata nafasi ya kuandika, na mwaka 1946 akatoa mkusanyiko wa hadithi za Puerto Rico kwa Kiingereza. White alipofariki mwaka 1960, Pura alirudi maktaba, safari hii kama mtaalamu wa watoto wanaoongea Kihispania, akizunguka mji mzima. Alistaafu mwaka 1968, lakini hakukaa: akaenda kutengeneza vikaragosi na kuvichezesha kwa watoto wa South Bronx, eneo lililokuwa na hali ngumu sana kimaisha. Alifariki mwaka 1982. Tangu mwaka 1996 kuna medali yenye jina lake, inayotolewa kwa waandishi na wachoraji wa Kilatino wa vitabu vya watoto.

Mkalimani wa miaka tisa

Tuje kwa wakutubi wenyewe wa siku hizi. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, na wanaoongea Kihispania nyumbani ni zaidi ya milioni 40. Hao si watu wa aina moja. Wapo ambao babu zao walikuwa Texas kabla Texas haijawa Marekani, wapo waliozaliwa New York na Kihispania chao ni cha kuombea maji tu, na wapo walioshuka wiki iliyopita kutoka Guatemala ambao hata Kihispania kwao ni lugha ya pili, ya kwanza ni ya Wamaya. Mkutubi anayewahudumia lazima ajue anaongea na nani.

Kikwazo cha kwanza kiko mlangoni. Neno la Kiingereza lililoandikwa juu ya mlango linafanana sana na librería, ambalo kwa Kihispania ni duka la vitabu. Maktaba wao wanaiita biblioteca. Kwa hiyo mgeni anapita akidhani ni duka, na hela hana. (Sisi tusicheke, maana neno letu maktaba tumelitoa kwa Waarabu, na kwao linaweza kuwa maktaba au duka la vitabu.) Akishaingia, linakuja la pili: sehemu nyingi alikotoka vitabu vinasomwa humo humo, havitoki. Kumwambia mtu kwamba anaweza kubeba vitabu vya watoto kumi akaondoka navyo bila kulipa ni kama unamtega. La tatu ni hofu. Wakiniuliza karatasi za uhamiaji je? Jibu ni kwamba maktaba inataka kujua unaishi wapi, basi. Haiulizi habari za uhamiaji, na karibu majimbo yote yana sheria ya kulinda siri ya nani ameazima nini.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote hakihusu vitabu. Kiko ndani ya nyumba.

Familia ya wahamiaji ina tabia moja duniani kote: mtoto anajifunza lugha ya ugenini kwa mwaka mmoja, mzazi anahangaika miaka kumi. Matokeo yake mtoto anakuwa mkalimani. Barua ya shule inatoka, anasoma yeye. Mwenye nyumba anadai kodi, anaongea yeye. Hospitalini daktari anataka kumwambia mama jambo zito, na katikati yao amesimama mtoto wa miaka tisa akitafuta maneno. Mtoto huyo anajua deni la nyumba, anajua ugonjwa wa mama, anajua baba amefukuzwa kazi. Na akitaka, anaweza kuisoma barua ya mwalimu vile anavyopenda yeye! Mamlaka ya mzazi yanamomonyoka taratibu, hakuna aliyepanga. Wakati huo huo Kihispania cha mtoto kinabaki cha jikoni, "leta chumvi", "funga mlango". Akifika miaka kumi na tano ana mambo mazito ya moyoni na hana lugha ya kumwambia mama.

Hapo ndipo mkutubi anayeongea Kihispania anapofanya kazi ambayo haionekani kwenye takwimu. Mama akija na mwanawe na fomu mkononi, mkutubi anamsalimia mama kwanza, kwa lugha yake, anamwita señora. Mtoto anaonyeshwa rafu ya katuni aende akasome. Mara moja kila mtu amerudi kwenye nafasi yake: mkubwa anaongea na mkubwa, mtoto anakuwa mtoto.

Mkutubi hatoi ushauri wa kisheria wala wa kitabibu, huo ni mwiko wa kazi. Anamwonyesha mtu pa kwenda. Na hilo peke yake limeokoa hela za watu wengi. Mfano, katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, notario ni mwanasheria mzito kabisa. Marekani mwenye cheo kinachotamkwa karibu hivyo ni mtu wa kushuhudia sahihi tu. Matapeli wanaujua mkanganyiko huo, wanabandika kibao dirishani kwa Kihispania, wanawala wahamiaji fedha za "kushughulikia makaratasi" na kesi zao zinaharibika. Mkutubi anayejua lugha zote mbili anakwambia kwa sentensi moja: huyo si mwanasheria, nenda pale.

Mama mkwe alijua

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Yuyi Morales. Mwaka 1994 alitoka Xalapa, Meksiko, akaingia Marekani na mtoto mchanga wa miezi miwili. Kiingereza hajui, marafiki hana, kila kitu ni kigeni. Aliyemwonyesha maktaba ni mama mkwe wake. Ndiyo, mama mkwe, wale tunaowasema kila toleo. Kwenye maktaba ya San Francisco akakaa sakafuni na mwanawe, akafungua vitabu vya picha, na kwa kuwa maneno hakuyaelewa akaanza kusoma picha. Akajifunza Kiingereza humo humo pamoja na mtoto. Leo ni mwandishi na mchoraji mwenye tuzo kubwa. Kitabu chake cha 2018 kinachoeleza maisha hayo kilitoka kwa Kiingereza na kwa Kihispania, na mwaka 2019 kikampa ile medali ya Pura Belpré.

Wa pili ni Tomás Rivera, aliyezaliwa Crystal City, Texas, mwaka 1935. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani, wanahama na msimu wa mavuno mpaka Iowa kaskazini. Huko Iowa, mkutubi mmoja alimkaribisha ndani na kumpa vitabu. Mwandishi Pat Mora ameisimulia kwenye kitabu cha watoto cha 1997, na humo mkutubi hajui Kihispania, mtoto ndiye anamfundisha neno moja moja. Nimeitaja kwa makusudi, maana wapo wanaodhani usipojua lugha ya mgeni huna la kumfanyia. Mwaka 1979 mtoto yule wa vibarua akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California tawi la Riverside. Alifariki 1984, na maktaba ya chuo hicho ina jina lake.

Huyo huyo Pat Mora, mwenyeji wa El Paso, mwaka 1996 aligundua kwamba Meksiko ina Siku ya Watoto kila Aprili 30, akauliza kwa nini isiwe pia siku ya vitabu. Wakutubi wa Kilatino wakalidaka wazo. Sherehe ya kwanza ilifanyika mwaka 1997 na sasa maktaba nyingi za Marekani zinaiadhimisha, kwa lugha zozote zinazoongewa mtaani kwao.

Hao wakutubi wana chama chao, REFORMA, kilichoanzishwa Dallas mwaka 1971 na Dk. Arnulfo Trejo, mzaliwa wa Meksiko aliyekulia Tucson, Arizona. Hoja yake ilikuwa rahisi: huwezi kuhudumia watu kwa lugha yao kama shule za ukutubi hazichukui vijana wao. Mwaka 2014, watoto wengi walipovuka mpaka wa Meksiko bila wazazi, chama hicho kilikusanya vitabu vya Kihispania na kuwapelekea kwenye makazi walikohifadhiwa.

Na vitabu vyenyewe wanavipata wapi? Wengi wao kila mwisho wa Novemba wanapanda ndege kwenda Guadalajara, Meksiko, kwenye maonyesho makubwa ya vitabu yaliyoanza mwaka 1987. Kwa miaka zaidi ya ishirini kumekuwa na mpango wa kuwasaidia gharama. Wanatembea kibanda hadi kibanda wakinusa vitabu kama mtu anayechagua embe, maana Kihispania cha mtoto wa Argentina si kile cha mtoto wa El Salvador, na kitabu kilichotafsiriwa vibaya kutoka Kiingereza mtoto anakiweka chini kabla ya ukurasa wa tatu.

Wazazi wengine hawataki

Tusipambe sana. Upinzani mwingine unatoka kwa wazazi wenyewe. Wapo wanaomwambia mkutubi waziwazi: mwanangu mpe vya Kiingereza tu, Kihispania hakitampa kazi. Wengi wao wana sababu. Texas na California kizazi cha zamani kilichapwa shuleni kwa kosa la kuongea Kihispania uwanjani. Aliyechapwa kwa lugha yake hataki mwanawe aguse fimbo ile. Kama ulisoma shule ya kuvalishwa kibao shingoni kwa sababu umeongea lugha ya nyumbani, huhitaji maelezo. Na kama una mtoto wa miaka mitano Mbezi au Kilimani ambaye bibi yake akipiga simu lazima utafsiri, pia huhitaji.

Jibu la wakutubi wenye uzoefu si kubishana. Wanampa kitabu chenye lugha zote mbili, ukurasa huu Kihispania, ule Kiingereza, wanamwambia msome pamoja usiku, wewe huu, yeye ule.

Kisha kuna siasa. Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri mbili zilizowagusa moja kwa moja. Ya kwanza ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, jambo ambalo serikali kuu haikuwahi kulifanya tangu nchi iundwe. Ya pili iliagiza taasisi ya serikali kuu inayotoa ruzuku kwa maktaba na makumbusho ipunguzwe mpaka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Majimbo 21 yakaenda mahakamani, na Novemba 2025 jaji wa Rhode Island akaamua kwamba kuivunja taasisi hiyo ni kinyume cha sheria. Katikati ya vuta nikuvute hiyo ruzuku zilifutwa, na zinapofutwa kinachoanza kuondoka si jengo. Ni saa ya hadithi ya Jumatano jioni, na yule dada wa mkataba aliyekuwa anajua Kihispania.

Kama una ndugu huko

Wasomaji wetu wengi wana kaka au shangazi Marekani, na familia nyingi za Wakongo wanaoongea Kiswahili zimehamia huko kama wakimbizi. Kadi ya maktaba ni bure kwa mkazi wa eneo. Waambie waulize ni nini kinakubaliwa kuthibitisha anuani, mara nyingi barua au bili yenye jina inatosha. Waulize pia kama kuna madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, mengi hayana malipo. Na kama rafu ya Kiswahili haipo, wamwombe mkutubi vitabu, kwa maandishi, na wawaambie majirani wawili watatu nao waombe. Maktaba hununua kinachoulizwa.

Mtaa wa 109 Mashariki, pale unapokutana na Lexington, East Harlem, tangu 2022 una jina la pili: Pura Belpré Way. Ukipita siku moja, piga picha ututumie.